BURUJI ISIYOJUA KUIMBA LA

Juma lililopita nililazimika kukaa katika kamati ya kukagua vifaa chakavu vya wilaya yetu. Kila mtumishi wa serikali huikwepa kamati hiyo kwa visingizio vyote avijuavyo, maana kazi yake ni vumbi, panya na kuhesabu viti vyenye miguu mitatu. Katika ghala la nyuma, chini ya mahema yaliyooza, tulikuta kreti la mbao lenye buruji sita. Huenda vijana wa siku hizi neno hili hawalijui. Buruji ni tarumbeta fupi ya askari, ile iliyowaamsha alfajiri wazee wetu waliotumikia KAR, ikawaita kwenye chakula, na ikawasindikiza wenzao kaburini.

Karani wetu, kijana mwenye bidii, akaishika moja, akaigeuza huku na huku akitafuta mahali pa kubonyeza, asipaone. Akaandika katika fomu: "Tarumbeta sita, mbovu. Hazina vali." Kisha katika safu ya mapendekezo akaongeza: "Ziuzwe kwa uzito." Ikumbukwe kwamba buruji za namna hii, zilizofuata mtindo wa jeshi la Uingereza, mwili wake ni wa shaba nyekundu, na mnunuzi wa vyuma chakavu anaijua bei ya shaba nyekundu kuliko kamati nzima.

Mimi nikapinga. Mwenyekiti, ambaye alikuwa na njaa, akaniambia: "Mwalimu, kama si mbovu, basi tuandikie ni nzima kwa kazi gani. Jumatatu." Huniita mwalimu ingawa ni miaka mingi tangu niiache chaki. Maelezo niliyoandika yamezidi nafasi ya fomu, na kwa hiyo nayaleta hapa.

Buruji haikupotewa na vali. Iliundwa bila vali, kwa makusudi, ili askari mmoja aweze kuibeba mgongoni katika mvua na matope, isiwe na kitu cha kuharibika ndani yake. Sisi tuliofundishwa kuimba kwa do, re, mi tunaweza kuelewa upesi lipungukalo. Bomba lisilobadilika urefu halitoi kila sauti. Mpigaji akikaza midomo hupanda kwa kuruka, mithili ya mtu apandaye ngazi iliyong'olewa baadhi ya vipandio. Sauti zitumikazo katika miito ya jeshi ni do ya chini, so, do ya juu yake, mi, na so ya juu. Sauti ni tano, lakini majina ni matatu tu: do, mi, so. Hata hivyo mtu asizidharau. Mwito wa maziko wa jeshi la Marekani, uitwao Taps, uliotengenezwa mwaka 1862 wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, una sauti 24 tangu mwanzo hadi mwisho, nazo zote zimetoka katika vipandio vinne. Watu wazima hulia wakiusikia.

Nchi iliyoipeleka buruji mbali kupita ilivyokusudiwa ni hiyo hiyo Marekani, na habari zake ndizo zilizonifanya nibishane na karani wetu. Baada ya vita ya 1914 hadi 1918, askari waliorudi makwao walianzisha mwaka 1919 chama kiitwacho American Legion. Matawi yake yalienea katika miji mikubwa na midogo, na mengi yakaunda vikosi vya ngoma na buruji vya kutembea katika gwaride siku za sikukuu. Ngoma na buruji zilikuwapo tele baada ya vita, na watu wa kuzipiga walikuwapo. Mwaka 1921, katika mji wa Kansas City, vikosi hivyo vilianza kushindana kitaifa. (Huku Afrika ya Mashariki vijana walikuwa wakiiga gwaride na ala za majeshi katika ngoma ya beni, ambayo jina lake limetokana na neno la Kiingereza la bendi. Lakini beni inastahili juma lake yenyewe.)

Kutoka kwa askari wazee mchezo ukaingia kwa watoto. Parokia za Kikatoliki, matawi ya askari wa zamani na vyama vya mitaa viliunda vikosi vya vijana. Mfano mmoja ni parokia ya Holy Name katika mji wa Garfield, New Jersey, iliyoanzisha kikosi chake mwaka 1934. Mtoto alipewa sare na buruji, akafundishwa sehemu yake kwa sikio, sauti moja baada ya nyingine. Wengi hawakujua kusoma muziki ulioandikwa, wala hawakuulizwa.

Sasa nije kwenye kiini. Mashindano hayakuweza kuendelea kwa do, mi, so peke yake. Masikio ya watu huchoka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kiwanda cha Ludwig cha Chicago kilitoa buruji yenye pistoni moja, iliyolazwa ubavuni ili ibonyezwe kwa kidole gumba. Wako waliosema kwamba kitu chenye pistoni si buruji tena, nao walikuwa na haki yao, lakini pistoni ilishinda. Buruji za Marekani zilikuwa za sauti ya G. Kuibonyeza pistoni kulifungua kipande kingine cha bomba, na sauti yote ikashuka hadi D.

Hesabu yake, kwa do, re, mi, ni hii. Bila kubonyeza una do, mi, so. Ukibonyeza, do inashuka kuwa so ya chini, mi inakuwa ti, na so inakuwa re. Changanya zote: do, re, mi, so, ti. Zimebaki mbili, fa na la. Fa huweza kunyakuliwa kwa kukaza sana midomo hadi kipandio cha saba cha bomba lililorefushwa, lakini hutoka imelegea, chini kidogo ya mahali pake. La haipatikani kabisa. Ilikuwa ala ambayo, kwa Kiswahili chetu, haikujua kusema la.

Msomaji atasema, sauti moja kati ya saba ina uzito gani? Na aimbe tenzi tatu za kanisani kwake akiziacha la zote. Isitoshe, wanakwaya wanajua kwamba fa, la na do huimbwa pamoja mahali pengi, na hasa pale wimbo unapokaribia kutua. Ukiikosa la, mlango huo umefungwa.

Hapo ndipo alipohitajiwa mtu aitwaye mpangaji wa muziki. Huyu si mtunzi, wala si kiongozi apungaye fimbo. Ni yeye achukuaye wimbo ulioandikiwa piano au bendi kubwa, akaugawa kwa watoto hamsini wenye buruji zisizo na la, nao wakaupiga mbele ya waamuzi bila msikilizaji kuhisi kwamba kuna tundu. Nimekaa na kalamu na karatasi nikijaribu kazi hii kwa wimbo wa watoto wa shule, nami nawaambieni kwamba ni ngumu kuliko bajeti ya idara.

Njia ya kwanza ni kuuhamisha wimbo. Ukiifanya so ya buruji iwe ndiyo do ya wimbo, tazama linalotokea: ti ya buruji inakuwa mi, do inakuwa fa, re inakuwa so, na mi inakuwa la. Ghafla unayo do, mi, fa, so, la! Lakini umelipa, re na ti zimetoweka. Kwa hiyo mpangaji hodari angeanza wimbo katika nyumba moja, na alipofika pahali pa fa na la angeuhamishia nyumba ya pili, akitumia ngoma kufunika mlio wa mlango. Wasikilizaji walidhani ni pambo. Kumbe ni dharura.

Njia ya pili ni kugawana. Katika miaka ya 1950 wapigaji walijifunza kuuvuta kwa mkono mrija wa kurekebishia sauti, wakaishusha buruji kwa nusu hatua huku wakipiga. Mtu mmoja hawezi kubonyeza, kuvuta na kurudisha kwa kasi ya wimbo wa kuchezea. Basi ilifaa mstari mmoja wa wimbo ukatwe vipande, kundi hili lishike sauti mbili, kundi lile sauti ya tatu, na wimbo upite katikati yao kama matofali yapitishwavyo mkono kwa mkono kwenye jengo. Ukimsikiliza mtoto mmoja peke yake husikii wimbo. Unasikia mtu anayengoja, anapiga mara moja, anangoja tena. Inambidi awasikilize wenzake kuliko anavyojisikiliza mwenyewe, la sivyo tofali litaanguka.

Tabu ilikuwa kubwa zaidi kwa sauti nzito. Kadiri ushukavyo, vipandio vya ngazi huachana, na mpiga sauti ya chini ana sauti chache kuliko mwenzake wa juu. Baritoni ilikuwapo, lakini buruji kubwa kabisa ya besi, ile ibebwayo begani kama gogo, iliingia mwanzoni mwa miaka ya 1960 tu. Kabla yake wapangaji walijenga nyumba isiyo na msingi, wakaiegemeza kwa ngoma.

Baada ya kuvuta kwa mkono ikaja rota, yaani vali ndogo ya kuzunguka, iliyowekwa ili kidole gumba cha mkono wa kushoto kifanye kazi ile ya kushusha nusu hatua. Mafundi waliyakata mabomba ya buruji za zamani wakazitia rota, na ndiyo maana leo wakusanyaji wa ala za kale hushangilia wanapoiona buruji ya pistoni moja ambayo haikuguswa na msumeno. Na la? Kwa rota la ilisikika hatimaye, lakini ni ile ya kipandio cha saba, imelegea kama fa iliyotangulia.

Nawaomba wasomaji waliangalie jambo hili vizuri. Mwaka 1965 kikosi cha vijana cha Royal-Airs cha Chicago kilitwaa ubingwa wa kitaifa wa American Legion, wa askari wa zamani wa Veterans of Foreign Wars, na wa jumuiya ya vijana wa Kikatoliki, yote katika mwaka mmoja. Mpangaji wao alikuwa Truman Crawford, ambaye baadaye aliongoza kwa miaka mingi kikosi cha ngoma na buruji cha Jeshi la Marini la Marekani. Buruji zake mwaka huo zilikuwa za pistoni moja na rota. Kwa ala zenye la hafifu namna hiyo aliwapa vijana muziki uliowaamsha watu vitini. Mimi niliyeshindwa na wimbo wa watoto wa shule namvulia kofia.

La imara ilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1960, tena kwa njia nyepesi ya kuchekesha. Badala ya pistoni kushusha hadi D, ilifanywa ishushe hatua moja nzima tu, hadi F. Hatua moja ya pistoni pamoja na nusu ya rota ni hatua moja na nusu, na do ikishuka hatua moja na nusu ni la. Miaka zaidi ya 35 walikuwa na mrija mrefu mno!

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio, nami nitayapita upesi. Mwaka 1972 shirika jipya la vikosi vya vijana, Drum Corps International, lilifanya ubingwa wake wa kwanza katika mji wa Whitewater, Wisconsin, na Anaheim Kingsmen wa California wakashinda. Mwaka 1977 ziliruhusiwa vali mbili za kusimama, mwaka 1990 vali tatu kama za tarumbeta ya kawaida, na mwaka 2000 sharti la sauti ya G likaondolewa, mtu aje na ala ya shaba ya sauti yoyote. Kila mara palikuwa na ugomvi, kila mara upande mmoja ulisema huu ndio mwisho wa buruji, na mara ya mwisho ulisema kweli.

Mimi sisemi kwamba vali ni dhambi. Mpangaji mwenye vali tatu aweza kuchukua muziki wowote ulioandikwa duniani, na vikosi vya leo hupiga mambo ambayo watu wa mwaka 1935 wasingeyaota. Kijana ajifunzaye tarumbeta ya kawaida kikosini hurudi nayo shuleni, akaendelea nayo. Hizo ni faida za kweli. Lakini nimesikiliza rekodi za zamani na za sasa, moja baada ya nyingine, na kuna kitu katika zile za zamani. Buruji ya G ni ndefu kidogo kuliko tarumbeta ya kawaida, na sauti yake ni nene zaidi. Tena watoto wale wanapopokezana wimbo unasikia kupokezana kwenyewe. Siku hizi kila mpigaji ana sauti zote mkononi mwake.

Kuna na jambo la fedha. Vikosi vya vijana vilivyokuwa mamia sasa vimebaki makumi machache, na kijana anayetaka kusafiri na kikosi kikubwa majira ya kiangazi hulipa maelfu ya dola. Sisemi kwamba vali ndizo zilizofanya hivyo. Mabasi, chakula na safari za nchi nzima hula zaidi. Lakini mtoto wa parokia ya Garfield wa mwaka 1934 hakuwa na maelfu ya kitu chochote. Kikosi kile kile, ambacho kwa miaka mingi kiliitwa The Cadets, kilifunga shughuli zake mwaka 2024, baada ya miaka 90.

Buruji zilizoachwa zilikwenda wapi? Nyingine ziliuzwa kwa mafungu, nyingine zikafanywa taa za mezani. Kisha wapigaji wa zamani, wenye mvi sasa, wakaanza kukutana na kuunda vikosi vya wakongwe, nao wanataka ala walizozijua utotoni. Wanazitafuta katika maghala na minadani. Kiwanda cha Kanstul cha California, kilichokuwa miongoni mwa waundaji wakuu wa buruji za G, kilifungwa mwaka 2019. Kikosi cha Marini, kilichoanzishwa mwaka 1934, kilishikilia buruji za G zenye vali mbili wakati vikosi vya vijana vilipokwisha kuziacha.

Sasa nirudi kwenye kreti letu. Buruji hizi sita ni za sauti ya B flati kama ilivyo desturi ya Kiingereza, na hazina hata hiyo pistoni moja. Nilizipuliza zote Ijumaa baada ya saa za kazi, kwa msaada wa mzee mmoja mlinzi, ambaye midomo yake, nakiri, ni bora kuliko yangu. Tano zilitoa do, so, do na mi bila kusita, na mzee akafika hadi so ya juu, akapiga mwito wa kuamsha kambi hadi mbwa wa jirani wakaitikia. Ya sita imepasuka kwenye mshono na kupumua pembeni. Fundi wa lehemu anaweza kuiziba.

Ni nzima kwa kazi gani? Shule ya msingi iliyo karibu na ofisi ina kwaya na ngoma, haina ala nyingine yoyote. Watoto watano wanaweza kushika do, mi na so chini ya kwaya, na kwaya ikaimba fa na la zote zilizobaki. Nimekwisha kuandika mpango wa wimbo mmoja, kurasa mbili, na safari hii sikushindwa, maana sauti za watoto hazina pistoni wala mipaka. Mwalimu mkuu ameuona. Ameomba apewe majuma matatu.

Kwa wale wenye ala kama hizi nyumbani, nyingi zikiwa ukutani kama pambo, naongeza maneno machache, kwa kuwa kurasa hizi ni za nyumba. Kidomo cha kupulizia kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla mtu mwingine hajakitia kinywani. Akina mama wanajua kwamba limau na chumvi hung'arisha sufuria ya shaba, lakini msiitendee buruji hivyo mara kwa mara, na majivu au mchanga msiuguse kabisa: bamba lake ni jembamba, na kila msuguo hula kidogo. Kidomo kikinasa msitumie koleo. Fungeni kitambaa, mgonge polepole kwa kipande cha mti huku mkizungusha. Na kama ina pistoni iliyokwama, tone la mafuta mepesi na usiku mmoja wa subira hufanya kazi kuliko nyundo.

Fomu nimeirudisha kwa mwenyekiti asubuhi ya Jumatatu. Nimefuta "mbovu" na kuandika: "Buruji tano, nzima. Moja, itiwe lehemu." Katika safu ya sababu karani alikuwa ameandika "hazina vali", nami nimeliacha neno hilo lilivyo, kwa kuwa ni kweli. Mnunuzi wa vyuma chakavu huja kila mwisho wa mwezi, na mwenyekiti bado hajatia sahihi.